KUVUTA JEDWALI SI KUPIMA ARDHI

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Waama walinena kweli, lakini yuko mwongo mmoja ambaye njia yake huwa ndefu kiasi, kwa kuwa hasemi kwa mdomo bali kwa nambari. Wengi hudhani kuwa mwongo huyo ni tarakilishi. La hasha! Tarakilishi hujibu inachoulizwa. Mwongo ni yule anayeiuliza jambo asilolielewa, kisha akalipeleka jibu kwa watu kana kwamba ni kweli tupu. Mwaka jana mwongo huyo nilikuwa mimi, na nusura nyanya yangu apoteze akiba ya miaka mingi.

Sisi tunaishi Rhonda, hapa Nakuru. Anayeijua Rhonda anajua kwamba ukishuka kuelekea ziwani huendi mbali kabla ya kufika kwenye ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Zamani ziwa hilo lilikuwa habari ya watalii na flamingo tu. Lakini tangu mwaka 2010 maji yalianza kupanda. Eneo la ziwa lilitoka takriban kilomita mraba 40 mwaka huo hadi karibu kilomita mraba 68 mwaka 2020. Maji yaliuvuka ua wa mbuga yakaingia katika mashamba na nyumba za watu upande wa Mwariki na Barut. Kuna waliohama wakiwa wamebeba magodoro vichwani, wakaacha kuta zimesimama majini.

Nyanya alikuwa mwanachama wa chama cha akina mama cha kuweka pesa. Zamu yake ya kupokea ilipokaribia, akaletewa habari za ploti ya hamsini kwa mia huko chini, tena kwa bei ya kutamanisha. Akaniita.

"Wewe si ndiwe mtu wa kompyuta? Hebu uliza hiyo mashini yako kama maji yatafika hapo."

"Hiyo ni kazi ndogo, shosho," nikamjibu.

Kazi ndogo! Laiti ningalijua.

JAMBO UNALOLIJUA TAYARI

Kabla sijaendelea, nataka nikuondolee hofu. Jambo ninalolieleza hapa linaitwa intapolesheni, yaani kukadiria thamani iliyo katikati ya thamani mbili tunazozijua. Jina ni gumu lakini wewe mwenyewe umelifanya darasani. Chukua kitabu chako cha majedwali ya hisabati ufungue ukurasa wa logi. Logi ya 2.34 ni 0.3692, na ya 2.35 ni 0.3711. Je, ya 2.345? Haimo katika safu zile kubwa. Lakini 2.345 iko katikati kabisa ya zile mbili. Tofauti ya logi zao ni 0.0019, na nusu yake ni 0.00095. Ongeza kwenye 0.3692 upate 0.37015. Jibu kamili kwa tarakimu nne ni 0.3701. Umekaribia mno! Zile safu nyembamba za upande wa kulia ambazo mwalimu hutuambia tuziongeze ni intapolesheni iliyokwisha kufanywa kwa niaba yetu.

Kwa nini ilifaulu? Kwa sababu kati ya 2.34 na 2.35 logi haina visa. Hairuki, haianguki, hupanda polepole. Tafadhali likumbuke neno hilo, maana ndilo lililoniponza baadaye.

JEDWALI LA ARDHI

Sasa turudi kwa nyanya. Mwezi wa Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu. Matokeo yake ni jedwali kubwa ambalo kila nambari ndani yake ni urefu wa mahali fulani kutoka usawa wa bahari, kwa mita. Kutoka nambari moja hadi jirani yake ni kama mita 30. Kwa bara letu, jedwali hilo la mita 30 lilianza kutolewa kwa umma mwaka 2014. Kabla ya hapo tulikuwa na la mita 90. Ni la bure, na mwanafunzi yeyote mwenye intaneti anaweza kulipata.

Waandishi wa programu huliita jedwali la namna hii arei. Orodha moja ya nambari ni arei ya upande mmoja. Yenye mistari ya kulala na safu za kusimama ni ya pande mbili. Ukichukua majedwali 12, tuseme moja la mvua ya kila mwezi, ukayapanga moja juu ya jingine kama madaftari kwenye meza ya mwalimu, una arei ya pande tatu.

Shida yangu ilikuwa hii: mita 30 kwa mita 30 ni mita mraba 900, na ploti ya hamsini kwa mia ni kama mita mraba 465. Nambari moja ya jedwali inatosha karibu ploti mbili! Mimi nilitaka kujua ploti moja, tena kona kwa kona. Basi nikaamua kulivuta jedwali langu ili liwe na nambari nyingi zaidi.

MAKOSA YANGU

Kosa la kwanza lilichekesha. Ninatumia lugha ya Python pamoja na maktaba yake ya hesabu iitwayo NumPy. Humo mna amri inayoitwa resize. Mimi, kwa kuliona jina lake linahusu kubadilisha ukubwa, nikaitumia bila kusoma maelezo. Kumbe amri hiyo haikadirii chochote! Huzisoma nambari kwa mfululizo, ikazimwaga katika jedwali jipya, na zikiisha huanza tena kutoka mwanzo. Mpe 1, 2, 3 katika mstari wa kwanza na 4, 5, 6 katika wa pili, kisha omba mistari mitatu ya nambari nne. Utapata 1, 2, 3, 4. Halafu 5, 6, 1, 2. Halafu 3, 4, 5, 6. Kwenye ramani yangu, Menengai ilikuwa imeng'oka kaskazini ikakaa kusini mwa ziwa, tena vipande vipande. Wenzangu wa maabara ya kompyuta walicheka hadi machozi.

Kosa la pili lilikuwa la kuhesabu. Utazame ua wa mbuga. Ukiwa na nguzo 5, nafasi kati yake ni ngapi? Si 5, ni 4. Nambari za jedwali langu ni kama nguzo hizo. Nikitaka nambari 9 mahali pa 5, huku za mwanzo na za mwisho zikibaki mahali pake, nina nafasi 8 badala ya 4. Kwa hiyo kila hatua mpya ni 4 gawanya kwa 8, yaani nusu ya hatua ya zamani. Mimi niligawanya 5 kwa 9. Hitilafu hiyo ni ndogo mwanzoni lakini huongezeka kila hatua, hata ncha ya mwisho ikatokea nje ya jedwali. Ukihesabu nguzo badala ya nafasi, ua wako haufiki langoni.

Nilipokwisha kuyarekebisha hayo, kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Hebu tufanye pamoja. Tuseme mahali ninapopataka pako kati ya nambari nne. Upande wa juu kuna 1764 kushoto na 1768 kulia. Upande wa chini kuna 1760 kushoto na 1762 kulia. Mahali pangu pako robo ya njia kutoka kushoto, na nusu ya njia kutoka juu hadi chini. Anza na kulala. Juu: tofauti ni 4, robo yake ni 1, basi 1765. Chini: tofauti ni 2, robo yake ni nusu, basi 1760.5. Sasa simama: katikati ya 1765 na 1760.5 ni 1762.75. Kwisha! Na ukianza na kusimama kisha ukalala, utapata jibu lile lile. Jaribu uone.

Arei ikiwa na pande tatu, unaongeza hatua moja ya namna hiyo hiyo. Hakuna uchawi mpya. Unavuta upande mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, kama mtu anayekunjua shuka iliyokunjwa mara tatu.

Kosa la tatu lilikuwa la tamaa. Ramani ya njia hiyo ya mistari iliyonyooka ilionekana kuwa na mapande mapande. Katika maktaba nyingine iitwayo SciPy kuna amri ya zoom, na usipoiambia vingine hutumia mikunjo laini badala ya mistari iliyonyooka. Niliitumia. Lo! Ramani ilipendeza kama picha ya kalenda. Lakini nilipochunguza ufuo wa ziwa nikaona ajabu: palikuwa na mahali pa chini kuliko uso wa ziwa lenyewe, ingawa katika jedwali la asili hapakuwa na nambari ndogo kama hiyo popote. Ilitoka wapi? Chukua waya mwembamba wa chuma uulazimishe kupita kwenye misumari iliyopangwa sawa, kisha ghafla upande juu. Kabla ya kupanda, waya hujikunja kidogo chini ya misumari. Na baada ya kupanda, huzidi kidogo juu. Ndivyo mikunjo laini inavyofanya penye ukingo. Njia ya mistari iliyonyooka haina uzuri huo, lakini pia haiwezi kuvuka nambari ilizopewa. Nikairudia.

ULIZA NAMBARI NI YA AINA GANI

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya wenzangu wanaojifunza programu, kwa maana si kila nambari huvutwa kwa njia moja. Nimezigawa katika aina tatu.

Aina ya kwanza ni kiwango, mfano urefu wa ardhi au joto. Kati ya mahali penye nyuzi 20 na penye nyuzi 24 ni haki kukadiria 22.

Aina ya pili ni jumla. Tuseme mwezi wa Aprili ulinyesha milimita 120. Ukitaka kuuvuta upande wa miezi ili upate nusu-mwezi, huwezi kuandika 120 kwa kila nusu, maana utakuwa umenyesha mvua mara mbili! Jumla hugawanywa, na baada ya kuvuta ni lazima uzijumlishe tena uone kama zinarudi 120.

Aina ya tatu ni jina lililovaa nguo za nambari. Katika ramani za matumizi ya ardhi huenda 1 ikawa maji, 2 msitu, na 3 nyumba. Ukikadiria katikati ya maji na nyumba unapata 2, yaani msitu! Umepanda miti kwa kikokotoo. Kwa nambari za aina hii chukua ile ya jirani aliye karibu zaidi, basi, usitafute wastani.

Na kupunguza jedwali je? Hapo pia kuna mtego. Ukiruka nambari tisa ukachukua ya kumi, bonde lote la Mto Njoro laweza kupotea kwa sababu tu lilianguka kati ya zile ulizoziruka. Ukipunguza kiwango, tafuta wastani wa kundi lote. Ukipunguza jumla, jumlisha kundi lote.

MPIRA WA FUNDI

Ramani yangu ikakamilika. Huko chini kuna nyumba iliyoachwa ambayo maji yalifika mwaka 2020, na alama ya tope bado inaonekana ukutani. Kwa mujibu wa ramani, ardhi ya nyumba ile ni mita 1759.60, na ya ploti ya nyanya ni 1762.75. Nikatoa moja kwa nyingine. Mita 3.15! Hata ukiitoa alama ya tope, iliyo nusu mita kutoka chini, bado inabaki zaidi ya mita mbili na nusu. Nikamwambia nyanya alale usingizi wake. Akafurahi, akaanza kuhesabu pesa.

Kwa bahati njema nilimwonyesha ramani mwalimu wetu wa Jiografia kabla ya siku ya malipo. Niliitarajia sifa. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye 1762.75.

"Hii nukta sabini na tano umeipima?"

"Imetoka kwa kompyuta, mwalimu."

"Nimekuuliza umeipima au umeikisia?"

Nikakosa la kusema. Zile nambari nne nilizozianza zilikuwa mita kamili, hazina nukta. Nukta niliitia mimi kwa kugawanya. Tena mwalimu alinieleza kwamba hata zile mita kamili zina makosa ya mita kadhaa. Na kwamba rada ile mara nyingi haikuona udongo, iliona kilichosimama juu ya udongo, kama mapaa na matawi ya miti. Na ilipima mwaka 2000. Mifereji iliyochimbwa na vifusi vilivyomwagwa baada ya hapo, yote hayo haina habari nayo.

"Sasa nifanye nini?" nikauliza.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akanijibu. "Nenda ukapime."

Jirani yetu ni fundi wa mawe. Ana ule mpira mrefu mwangavu ambao mafundi hujaza maji ili kusawazisha msingi wa nyumba. Maji yakiwa yametulia, uso wake katika ncha zote mbili huwa sawa, hata kama ncha moja iko nyuma ya ukuta. Jumamosi tulianza kwenye ile alama ya tope ukutani. Mimi nilishika ncha moja, fundi akaenda mbele na nyingine, tukapigilia kigingi, tukaandika tofauti, tukasonga. Tulirudia hivyo mara 11 hadi tukafika kwenye ploti. Nyanya alikuja na kiti chake cha plastiki akakaa kando akitutazama.

Nilijumlisha mara tatu kwa sababu sikuamini. Ploti ilikuwa juu ya alama ya maji kwa sentimita 43. Si mita mbili na nusu. Sentimita 43! Isitoshe, katikati yake palipita mfereji mwembamba ambao ramani yangu haikuuona hata kidogo, kwani kitu chenye upana wa hatua mbili kitaonekanaje katika jedwali la mita 30? Nilipomuuliza mzee mmoja wa pale, akasema zamani hapo palikuwa na migunga mikubwa, ikakatwa. Huenda basi rada ilipima matawi ya migunga, nami nikamwuzia nyanya matawi hayo kama udongo.

Nyanya aliinuka, akapima kwa macho kutoka chini hadi gotini mwake.

"Kwa hivyo kompyuta inasema nyumba nzima, mpira unasema goti?"

"Ndio, shosho."

"Na maji yakirudi, yatafuata ya nani?"

Hakungoja jibu. Alikunja kiti chake tukapanda nyumbani Rhonda. Pesa ya chama hakuitoa. Mwenye ploti alinung'unika sana, hata leo tukikutana njiani hanisalimu vizuri. Na mimi sina hakika kama maji yatafika pale au la. Hilo sikulipima, na sasa nimejifunza kutolisema.

KWA WENZANGU

Msije mkadhani kwamba naidharau intapolesheni. Hasha! Kwenye kitabu cha logi ilitupa jibu zuri kwa sababu kati ya nambari mbili hakuna kilichojificha. Ramani za mvua, picha za hospitalini, hata picha unayoikuza kwenye simu, zote zinaihitaji. Lakini haiwezi kujua zaidi ya ulichoipa. Ukiipa nambari nne ikakurudishia mia, bado una vipimo vinne tu. Tisini na sita ni makisio ya heshima. Kati ya nambari mbili za ardhi kunaweza kuwa na mfereji, mti, au ukuta, nayo itapita juu yake bila kupepesa jicho.

Kwa hiyo mnapovuta jedwali lolote, fanyeni haya. Someni maelezo ya amri kabla ya kuiamini kwa jina lake. Hesabuni nafasi, si nguzo. Ulizeni kama nambari ni kiwango, jumla au jina. Jaribuni kwanza kwa jedwali dogo mnaloweza kulikokotoa kwa kalamu. Na kwenye ramani yenu andikeni wazi ni wapi palipopimwa na ni wapi palipokadiriwa. Ramani yangu mpya ina nukta nyeusi kwenye vile vigingi, na sehemu nyingine zote nimezipaka rangi hafifu. Haipendezi kama ya kwanza. Nyanya ameitundika sebuleni, kando ya kalenda, na mgeni akiisifu yeye humwonyesha zile nukta kwanza.